Pawa saplai ikizidiwa: kwa nini kompyuta inazima katikati ya mchezo lakini barua inaandika siku nzima

Kompyuta ya mezani yenye pawa saplai dhaifu (kifaa cha ndani kinachoigawia umeme) haiwi ya polepole. Ikichukua dakika tano kuwaka au kufungua faili, tafuta kwanza diski iliyochoka, RAM ndogo au prosesa iliyopata joto. Pawa saplai iliyozidiwa ina tabia nyingine. Mashine inaandika barua, inachapisha na kuonyesha video kutwa nzima bila shida. Ukifungua mchezo mzito au ukianza kutoa video kwenye programu ya kuhariri, kioo kinakuwa cheusi papo hapo na mashine inajiwasha upya. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wa kosa. Mafundi wengi hapo huanza na kupiga Windows upya, na tatizo linarudi siku hiyohiyo mchezo unapofunguliwa.

Kuelewa kwa nini inakuwa hivyo kunahitaji kujua pawa saplai inawapa nani umeme, na kwa masharti gani.

Inapokea umeme wa AC wa ukutani, volti 230 au 240 kwa huku kwetu Afrika Mashariki, na kutoa umeme wa DC wa aina tatu kuu: volti 12 kwenye waya wa njano, volti 5 kwenye waya mwekundu, na volti 3.3 kwenye waya wa rangi ya chungwa. Waya mweusi ni wa kurudishia. Katika kompyuta za miaka ya karibuni kazi nzito yote iko kwenye volti 12, yaani prosesa, kadi ya grafiki, feni na mota ya diski. Volti 5 na 3.3 zimebaki na kazi ndogondogo kama USB na saketi za diski.

Prosesa yenyewe haili volti 12. Inataka volti 1 na ushei, na vidhibiti vilivyo kando yake kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ndivyo vinavyoshusha. Hapo ndipo penye mtego. Vidhibiti hivyo vinahakikisha prosesa inapata wati inazodai hata volti zinazoingia zikipungua. Wati ni volti mara ampea. Kwa hiyo wati 150 kwenye volti 12 ni ampea 12.5, lakini volti zikishuka hadi 11, mzigo uleule unavuta ampea 13.6. Pawa saplai iliyoanza kushindwa inadaiwa zaidi kwa sababu tu imeanza kushindwa. Nyaya na pini zinapata moto, volti zinapotea zaidi njiani, na deni linakua. Yote haya yanaweza kutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mpango wa ATX (viwango vya kutengeneza kompyuta na pawa saplai zake), ambao Intel iliutoa mwaka 1995 na bado ndio msingi wa kompyuta nyingi za mezani, unaruhusu volti kuyumba kwa asilimia 5 tu juu au chini. Volti 12 zinatakiwa zibaki kati ya 11.4 na 12.6, na volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa kijivu ambao pawa saplai inautumia kuiambia mazabodi kuwa umeme uko sawa. Unapowasha, ishara hiyo huchelewa kati ya milisekunde 100 na 500 hadi volti zitulie. Ishara ikikatika wakati mashine inafanya kazi, mazabodi inaisimamisha prosesa mara moja. Windows haipati hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na ndiyo maana huoni ule ukurasa wa buluu wenye maelezo ya kosa.

Njia ya pili ya kuzima ni kinga. Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri hukata kila kitu mzigo ukipita kiwango chake, kisha hujifunga. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Mpaka uchomoe waya wa ukutani, usubiri sekunde kadhaa, urudishe, ndipo inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukiona dalili hiyo usiilaumu sana, maana imefanya kazi yake. Ya kuogopwa ni ile ya bei rahisi isiyo na kinga hizo, ambayo inaendelea kusukuma hadi kitu kinanuka.

Kuna pia suala la kasi ya mzigo. Kadi ya grafiki iliyoandikwa wati 320, kama RTX 3080, haivuti wati 320 kwa utulivu; kwa vipindi vifupi mno hupanda mbali juu ya hapo na kushuka. Kadi za kizazi hicho, zilizotoka mwaka 2020, zilizima hata pawa saplai nzuri ambazo kwa hesabu ya wastani zilitosha. Ndiyo sababu ATX 3.0 ya mwaka 2022 ilidai pawa saplai inayoifuata ivumilie mara mbili ya wati zake kwa sehemu 100 za milioni za sekunde. Kwa hiyo mtu akipima matumizi ya kompyuta yake ukutani, akaona wati 280, akahitimisha kuwa pawa saplai ya wati 300 inatosha, amepima wastani. Kinachoizima ni kilele ambacho kipimo chake hakikuona.

Stika inasema nini

Usisome namba kubwa kwenye stika ya pawa saplai. Soma jedwali, na ndani yake tafuta ampea za volti 12.

Chukua pawa saplai ya aina inayouzwa pamoja na kasha la kompyuta la bei nafuu, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Kwenye jedwali unakuta 3.3V ampea 20, 5V ampea 25, 12V ampea 16. Piga hesabu: wati 66, wati 125, wati 192. Jumla haifiki hata 400, na nusu yake iko kwenye volti ambazo kompyuta yako haizitaki. Kwa kompyuta ya leo hiyo ni pawa saplai ya wati 192. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 itaonyesha ampea 38 hadi 41 kwenye volti 12, yaani karibu wati zote zinapatikana pale zinapohitajika. Kama stika haina jedwali kabisa, iache dukani.

Joto nalo lina sehemu. Watengenezaji makini huandika wati wanazoweza kutoa mfululizo kwenye nyuzijoto 40 au 50. Wengine hupima kwenye 25, au huandika kilele cha sekunde chache. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kiko zaidi ya 30, na ndani ya kasha lenye vumbi inazidi 40 bila taabu. Kapasita za ndani (vipande vinavyohifadhi umeme) pia huzeeka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake unapungua kwa nusu. Pawa saplai iliyotosha mwaka wa kwanza inaweza isitoshe mwaka wa sita huku hujaongeza kifaa chochote.

Zile alama za 80 PLUS zilizo kwenye pawa saplai hazipimi nguvu. Zinapima ufanisi: pawa saplai ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 625 ukutani ili itoe 500, na 125 zinageuka joto. Alama hiyo ni dalili nzuri kwamba mtengenezaji alijali, hakuna zaidi. Na kwa wanaoogopa bili, pawa saplai ya wati 650 haili umeme zaidi ya ile ya 300 kwenye kompyuta ileile, kwa kuwa kompyuta huchukua inachohitaji tu.

Kompyuta za ofisi zilizotumika

Kisa hiki ndicho kinachojirudia zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu soko limejaa kompyuta za ofisi zilizotoka Ulaya na Marekani: mtu ananunua Dell OptiPlex au HP ya ofisi, anaridhika nayo, kisha anataka kuweka kadi ya grafiki.

OptiPlex 7010 ndogo ile nyembamba inakuja na pawa saplai ya wati 240. Ile ya mnara ina 275. Tuihesabu. Prosesa ya i5-3470 inakadiriwa wati 77. Mazabodi na RAM, weka 40. Diski, SSD na feni, 15 hadi 20. Tuko karibu na 135. Ukiongeza kadi ya GTX 1650 ya wati 75 unafika 210. Nvidia, waliotengeneza kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya wati 300 kwa kadi hiyo, lakini pendekezo hilo linaacha nafasi ya prosesa kubwa na pawa saplai mbovu. Kwenye mnara wa wati 275 wenye pawa saplai ya Dell isiyo na hitilafu hesabu inakubali, na kwenye ile nyembamba inakubali kwa shida. Ukiweka kadi ya RX 580 ya wati 185 badala yake, jumla ni 320. Hapo hakuna ujanja.

Ujanja wenyewe hata hivyo hujaribiwa, nao ndio unaounguza. Pawa saplai hizo hazina plagi ya pini 6 au 8 ya kadi ya grafiki, basi dukani wanakupa kigeuzi cha kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kigeuzi cha SATA kwenda pini 8 kinaiomba ibebe karibu mara tatu ya uwezo wake. Plastiki inalainika, pini zinalegea, ukinzani unaongezeka, moto unaongezeka. Kukosekana kwa plagi ile ni mtengenezaji anakuambia kuwa umeme huo haupo.

Kubadilisha pawa saplai yote si rahisi daima. OptiPlex 7010 inatumia plagi ya pini 24, lakini 7020 na 9020 zinatumia ya pini 8 kwenye mazabodi, na HP kadhaa za ofisi zina zao. Kuna vigeuzi vilivyotengenezwa kwa modeli hizo; tumia hivyo, na usikate nyaya kuunganisha kwa kufuata rangi, maana mpangilio wao haufuati wa kawaida.

Dalili ambazo hazifanani na umeme

Si kila mara mashine inazima. Volti 5 zikiyumba, kibodi au diski ya nje ya USB inakatika na kurudi. Diski ya kuzunguka inahitaji karibu ampea 2 za volti 12 inapoanza. Ikizikosa inalia tik, inasimama, inaanza tena, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Kioo kinaweza kuwa cheusi huku feni za kadi zikienda kasi ya juu kabisa na sauti ya mchezo ikiendelea: kadi imepoteza umeme peke yake. Kompyuta inayogoma kuwaka asubuhi, kisha inawaka jaribio la tatu na kuwa nzima siku nzima, mara nyingi ina kapasita zilizochoka.

Madhara yanayobaki huwa kwenye data zaidi kuliko kwenye vifaa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa mafaili wa Windows unajirekebisha vizuri, lakini faili uliyokuwa unaihifadhi inaweza kubaki tupu. Ikirudiwa kila siku, itafika kwenye faili ya mfumo, na ndipo Windows inakataa kuwaka na lawama zinahamia kwenye diski.

Umeme wa ukutani na UPS

Pawa saplai hukaa na akiba ndogo ndani ya kapasita yake kubwa. Kipimo cha ATX kwa miaka mingi kilikuwa milisekunde 16 kwenye mzigo kamili, muda mfupi kuliko wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ambalo ni milisekunde 20. UPS (kifaa cha betri ya akiba) nyingi za nyumbani huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Kwenye karatasi inatosha. Ila pawa saplai ya bei rahisi imewekewa kapasita ndogo kuokoa gharama, na ikiwa volti za ukutani zilikuwa tayari zimeshuka jioni, akiba inakuwa ndogo zaidi. Matokeo ni yale yanayowashangaza wengi: umeme unakatika, UPS inalia, taa zake zinawaka, na kompyuta imezima. UPS inalaumiwa bure.

Angalia pia wati za UPS badala ya VA, ile namba inayotangazwa. Ya 650VA mara nyingi ni wati 360 hadi 390 tu, au chini ya hapo. Kompyuta ya michezo pamoja na kioo chake inaweza kuivuka na UPS ikazima kila kitu. Stabilaiza nazo, zile zinazolia tak-tak zinaporekebisha volti, hukata umeme kwa muda mfupi kila zinapolia.

Kwa mashine zilizotoka Marekani, kabla ya kuchomeka tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 115 na soketi ni ya 230, utasikia mlipuko.

Jinsi ya kuithibitisha

Anza na Event Viewer, programu ya Windows ya kumbukumbu za matukio, sehemu ya Windows Logs, kisha System. Tafuta kosa la Kernel-Power namba 41, ambalo Windows huliandika inapowaka tena, na ufungue maelezo yake. BugcheckCode ikiwa 0, Windows haikuona kosa lake yenyewe. Mashine ilikatika tu. Ikiwa ni namba nyingine, fuatilia RAM na madereva (programu zinazoendesha vifaa) kwanza.

Kisha ondoa joto kwenye orodha ya watuhumiwa. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, endesha kazi nzito, tazama nyuzijoto za prosesa na kadi. Mashine inayozima baada ya dakika kumi au kumi na tano huku prosesa ikikaribia 100 ina tatizo la feni au dawa ya kupozea iliyokauka. Inayozima sekunde chache baada ya mzigo kuanza, ikiwa bado baridi, inaelekeza kwenye umeme. Usiamini volti ambazo programu hizo zinaonyesha. Vipimo vya kwenye mazabodi hukosea mara kwa mara, hata kuonyesha volti 12 kuwa 8 kwenye mashine iliyo hai.

Kipimo bora kisicho na gharama ni kupunguza mzigo. Kwa MSI Afterburner, programu ya kudhibiti kadi ya grafiki, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 60 au 70, au uizuie isizidi fremu 60 kwa sekunde. Mchezo uliokuwa unazima mashine ndani ya dakika mbili ukienda saa nzima, umepata jibu. Unaweza kuiacha hivyo wakati unatafuta pesa ya pawa saplai. Kadi itapoteza kasi kidogo tu.

Maltimita inasaidia kwa kiasi. Iweke kwenye volti za DC, chomeka ncha kwenye plagi ya Molex (ile ya pini nne) isiyotumika, njano na nyeusi, kisha washa mzigo. Ikishuka chini ya 11.4, hukumu imetoka. Ikiwa 12 zimeshuka na papo hapo 5 zimepanda, hiyo ni pawa saplai ya muundo wa zamani unaodhibiti volti zote mbili kwa pamoja, isiyofaa kwa kompyuta inayotegemea volti 12. Lakini maltimita ni ya polepole. Mshuko wa milisekunde mbili hauioni, kwa hiyo kusoma 11.9 hakuisafishi pawa saplai. Ile njia ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya inathibitisha kuwa inawaka, basi. Haina mzigo, haisemi lolote kuhusu nguvu. Uhakika wa mwisho ni kuazima pawa saplai nyingine isiyo na hitilafu na kurudia kazi ileile.

Usifungue kasha la pawa saplai yenyewe. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa DC unakuwa karibu 325 ndani ya kapasita, na unaweza kubaki humo baada ya kuchomoa.

Ukinunua nyingine

Jumlisha kilele cha prosesa, kilele cha kadi, na wati 60 za vingine, kisha zidisha kwa moja na nusu. Tumia kilele halisi: prosesa ya i5-12400 imetangazwa kwa wati 65 lakini inaruhusiwa kufika 117. Pamoja na kadi ya RTX 3060 ya wati 170 unapata 347, na mara moja na nusu ni 520. Chukua ya wati 550 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Hata Nvidia inataja 550 kwa kadi hiyo. Ya 550 iliyo nzuri ni bora kuliko ya 800 isiyo na jina, na uzito mkononi huwa kidokezo: iliyo nyepesi sana kwa kawaida imepunguziwa shaba, kapasita na vipande vya kupozea.

Kadi yenye plagi mbili ipe nyaya mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Na kama pawa saplai mpya ni ya nyaya za kuchomoa, toa nyaya zote za zamani hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote, na waya wa SATA wa kampuni nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski inaungua sekunde ileile unapowasha, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake.